Mafunzo ya Ujenzi kwa Vitendo na Wajibu wa Vyama vya Msingi

(Maelezo kwa makatibu na wanachama wa vyama vya msingi, Kilimatinde)



Hakuna chama cha msingi kisichojenga. Kama si ghala ni ofisi. Kama si ofisi ni choo, uzio, au ukuta wa kuzuia maji yasiingie uwanjani. Siku hiyo inapofika, wanachama hukaa mkutanoni wakajadili bei ya saruji, bei ya bati na gharama za lori, hata jua likatua. Swali moja husahaulika mara nyingi, nalo ni hili: mtu atakayeishika saruji hiyo amejifunza wapi kuishika? Maelezo haya yanahusu swali hilo, kwa kuwa fedha ya mkulima inaweza kupotea kwenye msingi wa ghala bila mtu yeyote kuiba hata senti.

Watu wa Kilimatinde si wageni wa ujenzi. Mji huu uko kwenye ukingo wa Bonde la Ufa, katika Wilaya ya Manyoni, na kabla ya reli ulikuwa kwenye njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora. Wajerumani waliweka hapa kituo chao cha kijeshi katika miaka ya 1890. Baadaye reli ya kati ilipita Saranda na Manyoni, ikafika Tabora mwaka 1912, na makao ya wilaya yakawa Manyoni. Kilimatinde ikabaki na historia yake, na hospitali ya Kanisa Anglikana inayojulikana mbali na hapa.

Lakini kabla ya wageni wote hao, Wagogo walikuwa na tembe. Nguzo zilichimbiwa, fito zikafungwa, udongo ukakandikwa, kisha juu ya boriti ikalazwa paa bapa iliyofunikwa kwa udongo. Haikuwa nyumba ya kubahatisha. Kimo chake kifupi kiliipunguzia nguvu ya upepo wa uwandani, na udongo mzito ulizuia joto la mchana na baridi ya usiku. Kijana hakufundishwa tembe kwa maneno. Alikata fito, akakanyaga udongo, akapandishwa juu ya paa, na alipokosea mzee alimwambia abomoe arudie. Hayo yalikuwa mafunzo kwa vitendo kabla jina hilo halijaingia katika vitabu vya serikali.

Yafaa basi kuuliza: ikiwa kijana wa zamani alijifunza kwa kutazama na kushika tu, kwa nini kijana wa leo ahitaji chuo? Jibu limo katika vifaa vyenyewe. Udongo hausitiri kosa. Ukuta wa tembe ukikandikwa vibaya hupasuka mapema, mwenye nyumba akauona ufa, akachukua udongo mwingine akauziba, na hasara yake ni jasho la nusu siku. Saruji haina tabia hiyo. Zege iliyochanganywa vibaya na zege iliyochanganywa vyema hufanana kwa rangi, na plasta nzuri huweza kuufunika ukuta mbovu ukapendeza macho. Kosa hukaa humo likingoja mzigo. Siku magunia yanapopangwa hadi juu, au mvua ya Januari inapolowesha udongo chini ya msingi, ndipo ukuta unaposema kweli, na siku hiyo fundi hayupo tena. Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta humfaa mwenye ufa unaoonekana. Kwa saruji, dawa ni kujua kabla ya kumwaga.

Taifa lililitambua jambo hili mapema. Elimu ya Kujitegemea ya Machi 1967 ilisisitiza kwamba shule isimtenge kijana na kazi ya mikono. Mwaka 1971, wakati wa Operesheni Dodoma, Mwalimu Nyerere mwenyewe alikaa Chamwino, huko huko Ugogo, akafyatua matofali pamoja na wanakijiji. Mwaka 1974 ilitungwa Sheria ya Mafunzo ya Ufundi, na tangu mwaka 1975 vikaanza Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi kwa kufuata mfano wa Sweden, ambamo uashi na useremala vilifundishwa kwa watu wazima na vijana waliotoka vijijini. Kisha mwaka 1994 ikaundwa kwa sheria mpya Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, yaani VETA. Leo Mkoa wa Singida una chuo cha VETA na Chuo cha Maendeleo ya Wananchi pale Singida mjini. Aidha, mkondo wa amali katika shule za sekondari ulianza kutekelezwa mwaka 2024, ili ufundi usionekane tena kuwa ni kimbilio la walioshindwa mtihani.

Je, ndani ya chuo kijana hufanya nini? Wapo wazazi wanaodhani kwamba atakaa darasani akinakili maandishi ubaoni, kisha arudi na karatasi yenye muhuri. Chuo kinachofanya hivyo hakistahili ada. Mafunzo ya kweli ya uashi yana karakana na uwanja. Mwanafunzi hupewa mwiko, timazi, pima maji, kamba na futi. Huinua ukuta mfupi kwa udongo au chokaa badala ya saruji, mwalimu huupima, kisha huubomoa na matofali yale yale husafishwa ili yatumike tena kesho. Huurudia mara nyingi mpaka mkono uzoee mstari ulionyooka. Kubomoa huko si uharibifu. Kosa likifanyika uwanjani pa chuo, gharama yake ni ndogo. Likifanyika katika ghala la chama, gharama yake hulipwa kwa mavuno ya watu.

Mfano mmoja utatosha kuonyesha tofauti. Kijana aliyesoma sekondari anaifahamu hesabu ya pembetatu yenye pembe mraba, lakini pengine hajawahi kuvuta kamba uwanjani. Fundi wa mtaani amevuta kamba miaka ishirini, lakini huenda hajui kwa nini kona yake hukubali leo na kukataa kesho. Chuo huwakutanisha kamba na hesabu. Mwanafunzi hupima mita 6 upande mmoja na mita 8 upande wa pili. Kisha hupima kutoka ncha hadi ncha. Akipata mita 10 kamili, kona ni mraba. Asipopata, husogeza kigingi. Kazi hiyo haichukui hata nusu saa, nayo huliokoa paa zima, kwa maana jengo lililopinda katika msingi huwalazimisha maseremala kukata mbao ovyo na kupindisha mabati.

Mfano wa pili ni wa zege. Uwiano unaotumika sana kwa zege ya kawaida ni sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto. Maneno hayo huyajua kila mtu, lakini sehemu hupimwa kwa koleo, na koleo la mtu mwenye nguvu si sawa na la mtu aliyechoka saa nane mchana. Mwanafunzi aliyefunzwa vyema anajua kwamba mfuko mmoja wa kilo 50 una ujazo wa karibu lita 35. Kwa hiyo mfuko mmoja huhitaji lita 70 za mchanga, yaani ndoo tatu na nusu za lita 20, na lita 140 za kokoto, yaani ndoo saba. Maji hayazidi sana lita 25, na mchanga ukiwa mbichi hupunguzwa. Vibarua hupenda zege ya majimaji kwa sababu huteleza na haichoshi. Lakini maji yaliyozidi hukauka yakaacha matundu, na matundu hayo ndiyo udhaifu wa nguzo. Hata katibu asiyejua kushika mwiko anaweza kusimama kando akahesabu ndoo.

Mchanga nao una siri yake. Mchanga wa makorongoni huchotwa bila malipo makubwa, lakini mara nyingi umechanganyika na udongo. Chuoni mwanafunzi huchukua chupa nyeupe, akaijaza mchanga hadi nusu, akaongeza maji na kutikisa kwa nguvu, kisha akaiacha itulie kwa saa tatu. Mchanga hukaa chini na udongo laini hukaa juu yake kama utando. Utando huo ukizidi kama sehemu moja kwa kumi ya kimo cha mchanga, mchanga huo huoshwa au huachwa. Jaribio hilo halihitaji maabara wala fedha. Linahitaji mtu aliyefundishwa kulifanya kabla lori la pili halijaletwa.

Liko jambo jingine linaloigusa Kilimatinde kuliko sehemu zenye mvua nyingi. Huku mvua ni za msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, na ujenzi hufanywa kiangazi, wakati njia ni kavu na wakulima wamepumzika. Lakini kiangazi ndicho wakati wa shida ya maji, na zege haikauki kama nguo. Hugumu kwa kunywa maji. Inapasa kutunzwa na unyevu siku saba kwa uchache, na huendelea kupata nguvu hata siku ya 28. Jua la nyanda hizi na upepo wake huweza kuinyang'anya maji siku ile ile iliyomwagwa. Fundi aliyefunzwa huliweka jambo hili katika makadirio tangu mwanzo: mapipa mangapi, yatatoka wapi, nani ataleta, na magunia au nyasi za kufunikia. Asiyefunzwa hukumbuka maji ya kuchanganyia tu. Kamati inayokata gharama ya maji ili kupunguza makadirio huwa imekata nguvu ya jengo lenyewe.

Sasa yaangaliwe mambo yanayohusu ghala, kwa kuwa ghala si nyumba ya kulala. Kwanza, magunia yanayoegemezwa ukutani husukuma ukuta nje, na ukuta mrefu usio na nguzo za kuuegemeza hupasuka au kuanguka. Ndiyo sababu shehena hupangwa juu ya vichanja, mbali na ukuta, na kuachwa nafasi ya mtu kupita. Pili, unyevu hupanda kutoka ardhini. Jamvi lililomwagwa bila tabaka la kuzuia unyevu huozesha mazao kutoka chini, huku paa ni zima. Tatu, mkanda wa zege yenye nondo unaozunguka jengo lote juu ya milango na madirisha hufunga kuta pamoja. Katika eneo la Bonde la Ufa, ambako ardhi hutetemeka mara kwa mara, mkanda huo si anasa. Nne, kenchi zisipofungwa barabara kwenye ukuta, upepo hulinyanyua paa. Tangu Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005, ghala linalotaka kutumika katika mfumo wa stakabadhi lazima lipate leseni. Ghala bovu basi huwagharimu wanachama mara mbili: mazao huharibika, na chama hukosa leseni kikalazimika kulipia ghala la mwingine.

Zipo hoja zinazotolewa mikutanoni kupinga kusomesha vijana ufundi, nazo zinastahili kujibiwa kwa heshima.

Hoja ya kwanza husema: mafundi tunao, wamejenga nyumba za mji mzima bila chuo. Ni kweli, na wengine wao wana mikono ambayo chuo kingejivunia. Dawa si kuwadharau. VETA ina utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi: fundi hupimwa kwa kazi yake, hufundishwa pale anapopungukiwa, kisha hupewa cheti. Chama kinachomsaidia fundi mzee kupata cheti hicho hupata watu wawili kwa mpigo mmoja, yaani fundi aliyethibitishwa na mwalimu wa vijana watakaofanya naye kazi.

Hoja ya pili husema: kijana akisomeshwa atakimbilia Dodoma au Dar es Salaam, na fedha ya chama itakwenda naye. Hofu hii ina msingi, maana kazi za ujenzi zimezidi sana Dodoma tangu serikali ilipohamia huko. Hata hivyo kijana huondoka pale anapokosa kazi nyumbani, asome au asisome. Tofauti ni kwamba asiye na ufundi huondoka akiwa kibarua. Chama kinaweza kuandikiana na mzazi na kijana kwamba ada imetolewa nusu ikiwa msaada na nusu ikiwa mkopo, na kwamba mkopo huo utalipwa kwa kazi katika jengo la chama. Mapatano hayo yaandikwe, yasomwe mbele ya mzazi, na yawekwe katika jalada. Ahadi ya mdomo huzaa ugomvi.

Hoja ya tatu ni nzito kuliko zote: chama ni cha mazao, si cha ada. Hapa inafaa kukumbuka asili ya ushirika. Wale wafumaji wa Rochdale, Uingereza, walioanzisha duka lao mwaka 1844, waliamua baadaye kutenga asilimia mbili na nusu ya ziada yao kwa ajili ya elimu ya wanachama. Hadi leo elimu, mafunzo na habari ni kanuni ya tano kati ya kanuni saba za ushirika duniani. Hakuna anayesema chama kifilisike kwa kusomesha. Linalosemwa ni kwamba kiasi kidogo kilichopitishwa na mkutano mkuu, kikaonekana wazi katika hesabu, ni matumizi halali ya ushirika. Matumizi yasiyopitishwa na mkutano, hata yakiwa ya nia njema, si halali, na katibu asikubali kuyaandika.

Kutokana na hayo, vyama vinashauriwa kuyafuata mambo yafuatayo.

La kwanza, kila chama kinachopanga kujenga katika miaka miwili ijayo kiteue mapema kijana mmoja au wawili, watoto wa wanachama, wa kupelekwa chuoni kujifunza uashi au useremala. Wasichana wasiachwe. Timazi haijui aliyeishika ni mume au mke, na kazi nyingi za uashi hutaka usahihi zaidi ya nguvu.

La pili, jengo la chama lifanywe kuwa darasa. Vyuo huwatafutia wanafunzi wao mahali pa mazoezi ya kazini. Katibu aandike barua chuoni, aeleze kazi itaanza lini, itachukua muda gani, na fundi mkuu ni nani. Wanafunzi wapewe mahali pa kulala, chakula na viatu vigumu. Wasigeuzwe vibarua wa kubeba kokoto kutwa nzima: wapewe ukuta wa kujenga, na fundi mkuu awapime.

La tatu, fundi asichaguliwe kwa maneno wala kwa karatasi pekee. Kamati iende ikaone jengo alilojenga miaka mitatu iliyopita, si lile alilomaliza juzi. Kisha apewe mita moja ya ukuta wa majaribio, apimwe kwa timazi mbele ya wanachama. Mwenye cheti ataipita njia hiyo bila shida, na asiye na cheti lakini ana ujuzi hatanyimwa haki yake.

La nne, kamati ya ujenzi iweke daftari la kila siku: mifuko iliyofunguliwa, ndoo zilizopimwa, siku za kumwagilia maji, na jina la aliyesimamia. Mwaka 2021 serikali ilipoamua kujenga madarasa 15,000 nchini kwa fedha za mpango wa kupambana na UVIKO-19, kazi nyingi zilifanywa kwa fosi akaunti, kwa kutumia mafundi wa karibu chini ya kamati za wananchi. Jambo hilo lilionyesha kwamba wananchi wa kawaida wanaweza kubebeshwa usimamizi wa majengo ya umma. Wanachokihitaji ni kujua cha kutazama, na daftari ndilo linalowalazimisha kutazama.

La tano, kabla ya kuchoma matofali, chama kiulize habari za tofali za udongo-saruji za kufungamana, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi uliwahi kuwafundisha vijana kuzifyatua kwa mashine ya mkono. Tofali hizo hazichomwi, basi huokoa kuni. Nazo hupangwa kwa saruji kidogo sana. Katika nchi kavu kama Manyoni, kila mti unaobaki wima una thamani yake. Lakini udongo wake nao hupimwa kwanza, na mpimaji ni yule yule aliyefunzwa.

Ndugu wanachama, ghala likikamilika hufunguliwa kwa ngoma na hotuba, na watu hulisifu bati linalong'aa. Chama chenye busara kitauliza siku hiyo maswali mawili tu: ni vijana wangapi wa hapa wanaweza kulijenga jingine kama hili bila kuitiwa fundi kutoka mbali, na majina yao yako wapi? Kama jibu ni kijana mmoja, chama kimepata ghala na fundi. Kama jibu ni hakuna, kimenunua kuta tu, na ufa wa kwanza utakapotokea kitaanza upya kutafuta mtu wa kuuziba. Makatibu waliingize jambo hili katika ajenda za mkutano mkuu ujao, kabla makadirio hayajafungwa na kabla saruji haijanunuliwa. Baada ya hapo itakuwa ni kuchelewa.